Tumbo la Meneja

Benchi letu limeegemea kibanda cha fundi cherehani, na mguu wake mmoja ni tofali. Asubuhi hiyo hatukulisogeza kufuata kivuli, maana chini yake alilala Meneja, mbwa wa Fundi, macho yamemlegea. Tangu jana alikuwa akitapika na kuharisha. Fundi hakugusa cherehani. Watoto wake walishahama wote, akabaki na Meneja, na siku hiyo hata salamu alizipokea nusu nusu. Sisi hatujasomea chochote ila tunajua vyote. Buli, muuza kahawa wetu, akasuuza vikombe, akamimina, kesi ikaanza.

Aliyewahi ni Dozi, ambaye zamani alifagia duka la dawa na jina likamganda.

— Tangawizi, bana. Hii hapa mfukoni, ninayo. Unaiponda, unaichemsha, unamnywesha. Dawa ya moto ni moto.

— Moto umeuona wapi? akadakia Breki, dereva mstaafu. Huyo anavuja. Gari likivuja unaziba. Mpondee ndizi mbichi. Usipoziba ufa utajenga ukuta!

— Alfajiri nilimkuta anatafuna majani, Fundi akasema.

— Mwache atafune, Breki akasema. Mtoto akililia wembe mpe.

— Na kitunguu saumu? akauliza Buli.

— Wewe! Dozi akaruka. Vitunguu ni sumu kwa mbwa. Hilo hata ufagio wangu unalijua.

— Basi mfungeni mkanda wa suruali tumboni, Buli akasema. Vitapitia wapi?

— Mkanda wa nini? Mnyanyue miguu ya nyuma juu, akasema Breki. Vya chini vinarudi mdomoni, mchezo umekwisha.

— Na vikifika mdomoni? Dozi akauliza.

— Unamgeuza.

Tukacheka mpaka benchi likayumba. Fundi hakucheka.

— Jamani, huyu akinifia, jioni nikifunga kibanda nitaondoka na nani?

Breki akamshika bega. Kusema kweli, niliona aibu.

Ndipo akaja mama mmoja kuchukua gauni lake. Alipoona nyuso zetu akadhani gauni limeungua. Tukamweleza.

— Mgeni njoo mwenyeji apone, Dozi akasema, akimnyooshea tangawizi.

Mama hakuipokea. Alichuchumaa akimtazama Meneja, ambaye alikuwa amejikokota hadi mtaroni na sasa analamba maji meusi.

— Bakuli lake la maji liko wapi?

— Lilikuwa hapa mlangoni, Fundi akasema akizungusha macho. La bluu, limemeguka ukingoni. Juzi lilikuwepo...

Juzi hiyo hiyo beseni la Buli la kusuuzia vikombe lilipasuka. Tukageuza shingo wote kwa pamoja. Miguuni pa Buli palikuwa na bakuli la bluu, limemeguka ukingoni, na vikombe vingine vimezama ndani.

— Nilidhani halina mwenyewe, Buli akanong'ona.

Fundi alilinyakua, akamwaga vikombe chini, akalisugua, akalijaza maji safi. Meneja akanywa, akapumzika, akanywa tena. Mkia ukagonga vumbi mara moja, na Fundi akajifuta uso kwa kipande cha kitambaa cha mteja.

— Kidogo kidogo, mama akasema. Asipopata nafuu leo, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Tulikuwa tunatazama vikombe mikononi mwetu. Breki akaweka chake chini taratibu, akajishika tumbo.

— Dozi, ndugu yangu. Ile tangawizi bado ipo?