Kibati cha Buluu kwenye Msumari wa Mwisho

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwazungusha wageni visiwani na kuwarudisha gatini kabla jua halijazama, nahodha wetu anastaafu. Wengi mnamjua kwa jina la Ngojangoja. Jina lake la kwenye kitambulisho lipo, lakini siku moja mgeni alikuja ofisini kumuulizia kwa jina hilo, na mlinzi akamjibu kwa moyo mweupe kabisa kwamba hapa hakuna mtu kama huyo.

Mhariri wa jarida hili aliniomba niandike mimi, fundi wa injini, kwa kuwa nimekaa naye boti moja kuliko mtu yeyote. Akanisihi niandike kwa uchangamfu, watu wasije wakalia kwenye sherehe. Nimemwambia nitajitahidi. Sikumwahidi.

Alianza kama mfunga kamba. Enzi hizo tulikuwa na kisiwa kimoja tu cha kutembelea na boti moja ya mbao iliyovuja kila mahali, na kazi yake ya pili ilikuwa kuchota maji kwa ndoo huku akiwatabasamia abiria wasishtuke. Baadaye akapata leseni, akashika usukani, na yeye ndiye aliyependekeza mzunguko ambao leo umeandikwa kwenye mabango yetu yote: asubuhi kisiwa cha mapango, adhuhuri kisiwa cha ndege, alasiri kisiwa cha mnara wa taa, kisha nyumbani.

Alikuwa na maneno yake ya kuvieleza visiwa hivyo, yaleyale kila siku, na hakuna aliyeyachoka. Ofisi iliwahi kumletea maelezo mapya yaliyoandikwa na mtaalamu. Akayasoma siku moja kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba, abiria wakakaa kimya kama wako matangani, na kesho yake tukarudi kwenye maneno ya zamani. Wakimuuliza kina cha ziwa pale katikati kinafika wapi, aliwajibu kinafika chini. Maharusi walionuniana tangu gatini aliwaketisha pamoja upande unaorushiwa maji, akijua kwamba watu wawili waliolowa hawana budi kucheka. Mara nyingi walicheka. Wasipocheka alijisingizia upepo.

Siku ile injini ilipotuzimikia katikati ya mawimbi, na mimi niko chini nimelala kifudifudi juu ya mafuta, nilimsikia juu akiwaambia abiria kila mmoja atoe kibati chake ubaoni, ampe jirani yake akishike. Sikuelewa maana yake hadi nilipotoka. Kila mtu alikuwa amekikamata kibati cha mwenzake na kumwangalia mwenye nacho, na hakuna aliyekuwa akipiga kelele tena.

Hapa inabidi niwaeleze wageni wa jarida hili vibati ni nini. Karibu na mlango wa boti kuna ubao wenye misumari, na kila msumari una kibati chenye namba. Abiria anaposhuka kisiwani anachukua kibati, anaporudi anakitundika. Misumari ikijaa, watu wote wamo. Huo ni ubunifu wake, na sheria yake ni moja: boti haiondoki msumari ukiwa mtupu. Kwa sheria hiyo hatujawahi kumsahau abiria kisiwani. Ila mmoja, na huyo alikuwa mke wake.

Shemeji yetu alikuwa mshonaji. Vitambaa vya viti mnavyovikalia botini, vile vya kijani vyenye mshono maradufu, ni kazi ya mikono yake. Alivishona vyote nyumbani, chumba cha mbele, cherehani ikiwa dirishani na watoto wakifanya kazi za shule sakafuni, lakini safari yenyewe hakuwahi kwenda. Kulikuwa na nguo za watu za kumaliza, kisha watoto, kisha nguo tena. Hatimaye siku moja akafunika cherehani, akavaa gauni lake zuri, akaja.

Sasa yeye ni mke wa nahodha. Hakukata tiketi, na kwa kuwa hakukata tiketi hakuna aliyempa kibati. Kwenye kisiwa cha ndege alivua viatu akazunguka upande wa pili kuosha miguu na kuwaangalia wale ndege weupe. Nahodha akatazama ubao, misumari imejaa, akang'oa nanga. Mume mzima amempa mkewe kisogo njia nzima, macho mbele, anaeleza habari za mnara wa taa. Tulifika gatini, akawashusha watu, na mama muuza chai akamuuliza kama shemeji amelala humo ndani au vipi.

Sijawahi kuona boti ile ikienda kasi kama jioni hiyo. Tulimkuta amekaa juu ya jiwe, viatu mkononi, hana wasiwasi wowote. Akamtazama mumewe kutoka juu hadi chini, akasema, "Umekuja na boti, au umekuja kunionyesha njia ya kurudi kwa miguu?"

Alipanda, akacheka, akamsamehe. Lakini kabla hatujafika alimwekea sharti mbele yangu, na sharti hilo ndilo lililobeba yote yaliyofuata. Alimwambia hatapanda tena boti hii akiwa nyuma ya mgongo wa mtu. Atapanda siku mumewe atakapokuwa abiria kama yeye, wamekaa kiti kimoja, mtu mwingine ameshika usukani, waende visiwa vyote vitatu mchana kutwa na hakuna anayemwita nahodha. Naye nahodha akakubali. Wiki hiyohiyo akakata kibati kingine, akakipaka rangi ya buluu bila namba, akapigilia msumari wake mwishoni mwa ubao. Akasema ni cha mama watoto, kinamngoja.

Tangu siku hiyo hakuuamini ubao peke yake tena. Kila kisiwa, misumari ikishajaa, alisimama nyuma ya boti, akaweka viganja mdomoni, akaita kuelekea kwenye miti: "Kuna aliyebaki?" Kisha akangoja. Akaita tena, akangoja tena. Abiria walianza kumtania kwamba ngojangoja huumiza matumbo, hasa chakula cha mchana kilipokuwa kwenye kisiwa kinachofuata, na jina likamganda.

Nifupishe sasa, maana kutoka hapa uchangamfu unapungua.

Shemeji aliugua figo. Alipokuwa na nafuu daktari alisema safari ya majini haina tatizo, mradi ziwa limetulia. Ndipo nahodha akaenda ofisini kuomba siku moja, siku moja tu ya msimu wa utulivu, apatikane nahodha wa kuazima ili yeye akae na mkewe kwenye viti vya mbele. Akajibiwa kwamba msimu wa utulivu ndio msimu wa wageni, boti imejaa kila siku, na mwenye leseni ni yeye peke yake. Jumatatu yake ya mapumziko haikumsaidia, kwa kuwa Jumatatu boti iko nchi kavu na mimi niko tumboni mwake na spana. Msimu ulipokwisha, pepo zikaanza, na mgonjwa hapelekwi kwenye mawimbi yale.

Akaona bora astaafu mapema. Akaomba. Akaambiwa mbadala wake hajapatikana, na kwamba subira yavuta heri. Mwaka uliofuata akaomba tena, akaambiwa tena vilevile, na heri hiyohiyo ikatajwa. Nilimkuta siku hiyo amekaa kwenye ngazi ya ofisi amevaa kofia yake. Hakulalamika. Alisema tu kwamba shemeji amemuuliza asubuhi kama ziwa limetulia, na yeye amemdanganya kwamba bado.

Niliwahi kuwaza tumpeleke hivyohivyo, nahodha ashike usukani na shemeji akae mbele. Nilikwenda nyumbani kwao kumshawishi. Nilimkuta kitandani kwenye chumba cha mbele, kitanda kimehamishiwa huko ili aone nje, na cherehani imefunikwa pembeni. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia nisihangaike, mgongo wa mume wake anaujua tangu ujana; anachotaka ni uso.

Alifariki wiki ile ziwa lilipotulia. Tulikuwa majini. Visiwani simu hazishiki, kwa hiyo hakuna aliyetuambia. Saa hizo nahodha alikuwa amesimama nyuma ya boti kwenye kisiwa cha ndege, anaita, anangoja, na watu wa bodi ya kampuni, waliokuwa abiria wetu siku hiyo, wanatazama saa zao. Tulipokaribia gati tukamwona binti yao amesimama peke yake mwishoni kabisa, mikono imekumbatia kifua. Nahodha alimwona kabla yangu. Hakupunguza mwendo wala kuongeza. Alifunga boti, akamshika mkono kila abiria kumshusha, akamtakia kila mmoja jioni njema, akahakikisha vibati vyote viko mahali pake. Halafu ndipo akashuka akaenda kwa mwanawe. Mimi nilibaki na kamba mkononi, nikalia kama mtoto, na sioni aibu kulisema hilo kwenye jarida la wafanyakazi.

Aliporudi kazini baada ya mazishi hakubadilika kwa mengi. Maneno ya visiwa yalikuwa yaleyale. Kina cha ziwa kiliendelea kufika chini. Ila kwenye kisiwa cha ndege, baada ya kuita, alingoja kuliko zamani. Kuna abiria waliolalamika kwa maandishi kuhusu ucheleweshaji huo, na ofisi ikanituma mimi niongee naye. Sikuongea naye. Niliwaambia nimeongea naye.

Na mbadala? Alipatikana. Hakuwa amefichwa popote. Nafasi ilitangazwa, dada mmoja mwenye leseni akaomba, akaitwa, akaja, na sasa hivi ninavyoandika yuko juu anasugua kioo cha mbele. Ni nahodha mzuri, hana kosa lolote, na nahodha wetu mwenyewe amemfundisha kila mwamba wa ziwa hili kwa upole ambao mimi nisingeuweza. Ninaandika hili si kwa sababu yake, bali kwa sababu mhariri ameniomba nitaje mafanikio ya idara zote, na hili la idara ya ajira lisisahaulike.

Kwenye makabidhiano alimpa yule dada funguo, filimbi, na jaketi za kuokolea zote zilizokaguliwa. Walipofika kwenye ubao, dada akauliza kwa adabu kile kibati cha buluu ni cha abiria gani. Nahodha akakifuta vumbi kwa kidole gumba. Akasema ni cha abiria ambaye bado hajasafiri, na akasogea kwenye jambo lingine.

Wafanyakazi wenzake tulikaa kufikiria zawadi. Wengine walisema saa ya ukutani, tukakumbuka huyu ni mtu gani na saa, tukaacha. Tukakubaliana kwamba Jumamosi baada ya sherehe boti haitauza tiketi. Tumeiomba ofisi siku moja, na safari hii ofisi imekubali harakaharaka, hata kabla hatujamaliza kuomba. Dada nahodha atashika usukani. Mimi nitakuwa chini kwenye injini. Binti yao atakuja. Ngojangoja mwenyewe atakaa kiti cha mbele kabisa, kwenye kitambaa cha kijani, abiria kamili, na hakuna atakayemwita nahodha.

Nilimpelekea habari hiyo nyumbani. Aliuliza jambo moja tu: kwamba yeye kama abiria atapewa kibati kipi. Nikamwambia achague. Akasema atachukua cha buluu.

Kwa hiyo Jumamosi, tutakapofika kwenye kisiwa cha ndege, atashuka nacho mkononi, na sisi tutabaki botini. Azunguke upande wa pili. Akae juu ya lile jiwe kadiri atakavyo. Dada nahodha ameshaelezwa kwamba hakuna mtu wa kutazama saa siku hiyo. Akirudi na kibati, atakitundika, tutaondoka. Akikiacha kule, tutaondoka msumari ukiwa mtupu, na itakuwa mara ya kwanza kwa boti hii kuivunja sheria yake.

Ndugu yetu Ngojangoja, asante kwa miaka yote, kwa watu wote uliowarudisha nyumbani, na kwa kutufundisha kwamba hakuna haraka inayozidi mtu mmoja aliyebaki nyuma. Uliomba siku moja, ukapewa ikiwa imechelewa. Hilo hatuwezi kulirekebisha na hatutajifanya tumelirekebisha. Tunakuombea uzee wenye afya, wajukuu wasumbufu, na maji matulivu kila utakapotamani kuyatazama.

Na Jumamosi ukikawia kule upande wa pili, usiwe na wasiwasi. Nitapanda juu, nitasimama nyuma ya boti pale ulipozoea kusimama, niite. Kisha tutangoja.