Vitabu Vitatu, Mkasi Mmoja

Mtu ambaye hajakaa kwenye benchi ya Sefu fundi cherehani, kule commune ya Tshopo, asijisifu kwamba amewahi kusikia uongo. Benchi yenyewe mguu mmoja ni tofali. Jua likianza kulegea, Mahmoudi, ambaye wote wanamwita Birika, anatua hapo na birika la kawa, kahawa yake ya kuuza, na sinia la karanga. Basile anaegemeza ukutani baiskeli yake ya toleka, ile ya kubebea abiria, na kwa vile kila safari yake ina hadithi ndefu kuliko njia, wamempa jina la Kilometa. Bavon anapanda kutoka Wagenia, kwenye mitego ya samaki, akiwa bado na maji kwenye suruali. Huyo ni Mukondo. Sefu mwenyewe ni Mkasi. Wakishapata kikombe cha kwanza, dunia nzima inapelekwa mahakamani.

Siku hiyo kesi ilikuwa ya vitabu vya Tonton Lukumani, na mshitakiwa, ingawa hakuna aliyemtaja, alikuwa Sefu.

Tonton Lukumani ni ndugu wa mama yake Sefu. Aliuza vitambaa sokoni miaka na miaka, na alipoacha kuuza akaanza kusoma, tena si kitabu kimoja kama watu wenye haya. Alisoma vitatu kwa mpigo. Asubuhi cha mfalme na joka lenye mbawa. Mchana cha kijana aliyemezwa na mchezo wa kompyuta, akawa anapanda niveau baada ya niveau, ngazi za mchezo, huku akibaki na roho moja tu. Jioni cha kutisha, cha msichana aliyefungiwa kwenye cave, chumba cha chini ya nyumba, ambako ukuta ulikuwa unabisha hodi kutoka ndani. Watu wakamwambia, Tonton, maliza sahani moja kwanza. Akawajibu kwamba tumbo ni lake. Basi ukungu ukamwingia machoni, ukamkuta katikati ya vyote vitatu.

Ndipo alipomwita Sefu na kumpa vitabu: nenda usome, uje unisimulie namna vilivyoisha. Baada ya juma moja hivi angepanda boti kwenda Kinshasa kwa binti yake mkubwa, na hakutaka kwenda na msichana wa watu bado amefungiwa chini ya nyumba. Sefu akaweka mkono kifuani, akaahidi. Alimpenda mzee yule kuliko alivyompenda baba yake. Ndiye aliyemkalisha kwenye cherehani siku ambayo kila mtu alisema mtoto huyu hana mikono.

Na huyo mwenye mikono akafanya nini? Alichukua mkasi wa kukatia kitambaa cha tergal, akapasua kila kitabu vipande, akavifunga kwa uzi na kuvigawa benchini. Kidole kimoja hakivunji chawa, alisema, na wenzake wakatikisa vichwa kana kwamba methali ile ilitungwa kwa ajili ya kuchinja vitabu. Kila mmoja akawa anasoma vitatu kwa mpigo, kipande cha hiki na kipande cha kile, wakipokezana kila jioni. Majalada yalibaki mezani kwa Sefu, yamepangwa vizuri.

— Bon, Sefu akasema baada ya kikombe cha pili. Tonton anasafiri kesho. Jioni hii minaenda kumuona. Kila mutu aseme mwisho yenye alisoma.

Bavon ndiye aliyeanza, maana mtu wa Wagenia hamsubiri mwingine kuingia majini. Alieleza kwamba yule msichana alikunywa maji ya ukutani, akaota mbawa, akachoma nyumba yote. Basile akacheka mpaka kawa ikamwagika. Mbawa za wapi? Msichana alikuwa na roho moja tu, na ufunguo ulikuwa niveau ya juu, kwa mfalme. Tena mfalme mwenyewe, Basile akasema, ndiye anayebisha hodi ukutani.

— Kilometa, Bavon akapinga, ule mufalme haiko wa kitabu ile.

— We ulijuaje? Kipande yako iko na jalada?

Bavon akasema basi vitabu vyote vitatu ni kimoja, wazungu walivitenga ili wauze mara tatu. Basile alilipenda wazo hilo, akaliongezea kwamba joka ndilo mama mzazi wa msichana. Sefu akawauliza kama hawaoni wamechanganya mambo. Mshika mbili moja humponyoka.

— Mbili, ndiyo, Bavon akasema. Sisi tulishika tatu. Donc methali haituhusu.

Sefu akaacha mzaha. Akauliza polepole, kama anayemuuliza mgonjwa panapouma: kipande cha mwisho cha kitabu cha nyumba, nani alikisoma? Bavon alifika pale ukuta unapoanza kupasuka, akampa Basile kinachofuata. Basile alipata abiria kabla hajafungua, akakiacha kwenye sinia ili Birika naye asome. Wote wakamgeukia Mahmoudi, ambaye tangu mwanzo alikuwa anamimina kawa tu.

— Ile makaratasi yenye haikukuwa na kichwa? Mahmoudi akasema. Ya kufungwa na uzi? Nilizani njo ya kufungia karanga.

Basile akatazama karatasi ya karanga mkononi mwake. Bavon akatazama chini, kwenye mtaro, ambako juma zima walikuwa wanatupa makaratasi yao. Sefu akakunjua karatasi zote zilizobaki kwenye sinia, moja baada ya nyingine, karanga zikimwagikia miguuni. Akapata joka linakufa. Akapata kijana wa mchezo anasalimiana na mtu asiyejulikana. Ya msichana, hata nusu ukurasa, hapana.

— Tulikula mwisho ya Tonton, Bavon akasema.

Angenyamaza hapo angekuwa mtu. Lakini benchi ile haijawahi kulala na kimya. Basile akasema si kitu, mwisho unaweza kutengenezwa, vitabu vyenyewe si vilitengenezwa na mtu? Akaanza tena na ufunguo, Bavon akarudisha mbawa, na hata Mahmoudi, aliyepaswa kujificha chini ya birika, akapendekeza harusi. Sefu aliwasikiliza kwa hasira, na kilichomkasirisha zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa anachagua mmoja wa kumpelekea mzee.

Hapo ndipo Khadija alipofika, binti mdogo wa Tonton Lukumani, ambaye hakuwahi kukanyaga kijiweni pale. Basile akamkaribisha kwa heshima zote: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hakukaa.

— Yaya Sefu, akamwita kama wadogo wanavyomwita kaka, papa anauliza: ule mutoto wa ndani ya cave, alitoka?

Wanaume waliokuwa wamempa msichana yule mbawa, ufunguo na bwana harusi wakatazama vikombe vyao. Mahmoudi akainamisha birika, yakatoka mashapo.

— Mwambie minakuya, Sefu akasema.

— Hakuuliza kama unakuya. Aliuliza kama alitoka.

Sefu akaona haya mpaka masikio. Akavaa viatu, akauacha mkasi mezani juu ya majalada, akamfuata binamu yake. Njia nzima alikuwa anatafuta uongo mmoja mzuri wa kumpa mzee, na kila aliouokota ulikuwa na mbawa.