Taa ya Bega la Nani?

Binti: Haloo? Nani mwenzangu? Namba ngeni hii.

Shangazi: Ngeni wapi, ni mimi!

Binti: Wewe nani?

Shangazi: Mimi niliyekubeba mgongoni ukanikojolea gauni siku ya kwanza kulivaa.

Binti: Shangazi! Shikamoo, Shangazi!

Shangazi: Marahaba, mwanangu. Hujambo? Uko kazini?

Binti: Sijambo. Niko kazini, nimetoka tu kumwaga maji ya kudekia. Simu yako imekwenda wapi?

Shangazi: Imekanyagwa na jogoo, ikaingia kwenye maji ya kuku. Usicheke.

Binti: Sijacheka.

Shangazi: Nakusikia unavyojibana. Hii nimeazima kwa jirani, na vocha yenyewe ni kidogo, kwa hiyo tusizungushane. Mama yako bado yuko kwa dada yako na wale mapacha?

Binti: Bado. Mapacha wazima, wamemaliza vikombe vyote vya nyumba ile.

Shangazi: Ndio uzima huo. Na paka wenu?

Binti: Paka? Mzima.

Shangazi: Haya, nashukuru kama wote wazima.

Binti: Shangazi, umefika mpaka kwa paka.

Shangazi: Paka ana kosa gani?

Binti: Hana. Baba hujamuuliza.

(mtandao unakwaruza)

Shangazi: Haloo? Naona mtandao unakatika.

Binti: Haukatiki.

Shangazi: Huku kwangu unakatika. Sasa sikiliza. Nimesimama dukani, hapa wanapouza mashine za presha na magongo ya kutembelea. Nataka ile taa nyekundu, kama ile ya kwenu huko kliniki ya viungo. Ile mtu anawashiwa pale panapomuuma.

Binti: Ya kutumia nyumbani?

Shangazi: Ya nyumbani. Wewe ndiye mtaalamu, nichagulie.

Binti: Mimi nafagia tu, Shangazi.

Shangazi: Umefagia chumba hicho miaka minne, na macho yako nayajua mimi. Wewe ukimwona mtu anafunga kilemba mara moja, kesho unakifunga vizuri kuliko yeye. Daktari wangu wa fagio, sema.

Binti: (anacheka) Haya. Taa ni ya nani?

Shangazi: Yangu. Ya nani tena?

Binti: Panauma wapi?

Shangazi: Bega.

Binti: Bega? Mwezi jana ulikuwa unalia na goti.

Shangazi: Limepanda.

Binti: Goti limepanda mpaka begani.

Shangazi: Maradhi ya siku hizi yanatembea, mwanangu. Usinipotezee vocha. Kwanza nina kesi hapa, huyu bwana muuzaji anataka kuniuzia kitu kibovu.

Binti: Kibovu vipi?

Shangazi: Taa ina vibalbu sitini. Nimehesabu kimoja kimoja. Thelathini vinawaka vyekundu, thelathini maiti. Nimemwambia, bwana wewe, mimi nalea vifaranga mia mbili chini ya taa, taa iliyokufa naijua hata nikiwa nimelala. Ama unipe nzima ama niite watu. Sasa hivi anatokwa na jasho, masikini, shati limemganda.

Binti: Mwachie, Shangazi! Mwachie bwana wa watu!

Shangazi: Nimwachie nini, nimemshika penyewe!

Binti: Hazijafa hizo. Zinawaka.

Shangazi: Zinawaka kwa nani?

Binti: Mwanga wake hauonekani kwa macho. Nyekundu ile inaishia karibu na ngozi. Hizo usizoziona ndizo zinazoingia ndani kidogo, kwenye nyama ya bega. Taa isingekuwa nazo ningekwambia uiache.

Shangazi: We mtoto, unataka nilipie kitu kisichoonekana?

Binti: Mwombe huyo bwana simu yake. Awashe kamera, aielekeze kwenye taa, wewe uangalie kwenye kioo cha simu. Usiikodolee macho taa yenyewe!

Shangazi: Ngoja. Bwana, hebu simu yako. Ya kupiga picha. Sikuibii, simama hapa hapa... Elekeza. Chini kidogo...

Binti: Shangazi?

Shangazi: Haa!

Binti: Umeona?

Shangazi: Zote! Zote sitini! Zile maiti zinang'aa zambarau! Bwana, nisamehe. Jifute jasho, baba, hukuniibia. Anasema hata yeye hakujua, alikuwa keshaanza kufikiri mkubwa wake kamletea mzigo mbovu.

Binti: (anacheka) Umempa elimu.

Shangazi: Na mimi nilivyokaa siku tatu na bega langu chini ya taa ya vifaranga! Nikaambulia joto tu, na kifaranga mmoja kalala kwenye kanga yangu hakutaka kutoka.

Binti: Ile ni ya joto, Shangazi, haina kazi nyingine. Hii haitakiwi kumuunguza mtu. Geuza nyuma, kuna kibandiko. Kimeandikwaje?

Shangazi: Maandishi ya chawa haya. Bwana, nisomee. Anasema mia sita sitini, na mia nane hamsini.

Binti: Sawa, namba za mwanga hizo, kama ya kwetu. Ya kwanza ndiyo nyekundu, ya pili ndiyo isiyoonekana. Miwani ya kuzibia macho imo ndani ya boksi?

Shangazi: Imo. Myeusi kama ya mchomelea vyuma. Huyu bwana anasema taa hii inaotesha nywele, inaondoa kisukari, na wenye ndoa—

Binti: Mwambie asiendelee.

Shangazi: Bwana, usiendelee.

Binti: Daktari wetu wa viungo husema wengine wanapata nafuu, wengine hawapati kitu, na anayekuahidi kila kitu mkimbie. Taa inasaidia tu, mazoezi yako pale pale. Na bega lazima kwanza lionwe na daktari.

Shangazi: Kwani hajaonwa?

Binti: Nani?

Shangazi: Mimi. Nimesema sijaonwa.

Binti: Hukusema hivyo.

Shangazi: Mtandao huo.

Binti: Basi mtandao ukikaa sawa, usikie na hili. Bega limeonwa. Wiki iliyopita, hapa kwetu. Halijavunjika, limekaza. Daktari kasema mazoezi, na taa ikijaribiwa haina ubaya. Ila mwenye bega hataki kurudi, anasema hawezi kuvua shati mbele ya watu asiowashonea.

Shangazi: (anacheka kwa nguvu) Asiowashonea! Huyo... Haya, endelea. Swali lingine.

Binti: Anakaa kwenye kiti akiwashiwa. Bega linafika juu kiasi gani?

Shangazi: Juu. Mrefu kama mlingoti.

Binti: Na wewe, Shangazi, sukari ya kabatini unapandia kigoda.

Shangazi: Nimerefuka. Uliza linalofuata.

Binti: Dawa? Kuna dawa nyingine zinafanya ngozi isipatane na mwanga.

Shangazi: Dawa... natumia zipi mimi?

Binti: Ya presha tu, ya asubuhi. Nitamuuliza mfamasia wetu leo kabla sijatoka.

Shangazi: Muulize vizuri. Muulize mara mbili.

Binti: Nitamuuliza.

Shangazi: Nilipita pale dukani kwake juzi. Nilikuwa napita tu, usifikirie mengine. Saa nne asubuhi, kufuli mlangoni. Nikadhani labda kaenda kununua uzi. Nikazunguka, nikarudi saa sita. Kufuli. Jirani wa duka ndiye akaniambia ni bega.

Binti: Wiki ya tatu hii.

Shangazi: Wiki tatu! Mtu ambaye homa ilikuwa inamkuta kwenye cherehani na inamwacha kwenye cherehani!

Binti: Mkono hauendi mbele, Shangazi. Haufiki hata kwenye kola yake mwenyewe. Cherehani kaileta nyumbani, nikiondoka ninamwacha kwenye kiti anaitazama, nikirudi anaitazama. Jana kaniambia nimtafutie mtu wa kuinunua.

Shangazi: Kuinunua cherehani?

Binti: Ndiyo.

Shangazi: Umemtafuta?

Binti: Nimemwambia nasahau sahau siku hizi.

Shangazi: Endelea kusahau hivyo hivyo, mwanangu. Bwana! Lete ile kubwa. Ile yenye stendi na magurudumu. Hiyo hiyo!

Binti: Ipo na kubwa?

Shangazi: Kuna mbili. Hii ndogo ina mpini, sawa na kioo cha kinyozi. Na kubwa, urefu wa mlango. Naichukua kubwa, mtu wa pikipiki anakuletea hapo kazini, unaingia nayo nyumbani unasema umeshinda bahati nasibu.

Binti: Bahati nasibu ya taa?

Shangazi: Sema wametoa kliniki. Sema umeiokota! Mimi nisitajwe.

Binti: Simdanganyi, Shangazi. Na akijua ni yako atasema nini?

Shangazi: Atasema ina kinyesi cha kuku.

Binti: (anacheka) Vifaranga kumi na wawili juu ya gauni la bibi harusi, Shangazi.

Shangazi: Boksi lilifunguka lenyewe! Nimeliweka dukani kwake nusu saa tu nikanunue pumba, narudi nakuta wanatembea kwenye lile gauni kama wao ndio maharusi. Nikasema nitalifua kwa mikono yangu. Yeye akasema, "Wewe na kuku wako, njia ile pale." Nikaishika.

Binti: Mwaka mmoja na nusu sasa.

Shangazi: Njia yenyewe ilikuwa ndefu. Haya, kubwa au ndogo? Bwana anataka kufunga ahudhurie msiba.

Binti: Bega ni sehemu moja. Mwanga ni ule ule, namba zile zile. Ndogo inatosha.

Shangazi: Basi ndogo!

Binti: Ila ndogo inataka mtu. Panapouma ni nyuma ya bega, mwenyewe hajifikii. Mtu anasimama nyuma yake, anaishika mbali kiasi cha shibiri moja, dakika kumi. Siku tano kwa wiki.

Shangazi: Utamshikia wewe.

Binti: Mimi saa kumi na mbili nimeshatoka, narudi jioni. Na asubuhi ndipo linapokaza.

Shangazi: Basi kubwa. Si ina stendi?

Binti: Kubwa ina stendi. Haihitaji mtu.

Shangazi: Ndiyo hiyo.

Binti: Ndiyo. Anakaa peke yake dakika kumi, anazima, anageuka kuitazama cherehani.

Shangazi: Kwa nini unasema hivyo?

Binti: Sijasema kitu. Nakwambia nilichokiona hapa. Wagonjwa wetu watatu walinunua kubwa. Nikiwauliza, mmoja anaanikia mataulo, mwingine katundika makoti, wa tatu hakumbuki ilipo. Bibi mmoja alinunua ndogo, mkwewe anamshikia. Huyo hajaacha hata siku moja.

Shangazi: Kapona?

Binti: Kapata nafuu kiasi. Sijui ni taa au ni mkwe.

(mtandao unakwaruza)

Shangazi: Dakika kumi.

Binti: Dakika kumi.

Shangazi: Ni nyingi, mwanangu, kwa watu walionuniana. Nitasema nini dakika kumi?

Binti: Hulazimiki kusema. Yeye anatazama mbele, tena kavaa miwani myeusi. Wewe uko nyuma yake. Hata usoni hamuonani.

Shangazi: Kweli, hatuonani.

Binti: Hata ukilia hajui.

Shangazi: Nani atalia? Mimi? (anapenga kamasi) Vumbi la duka hili. Bwana, hebu fagia siku moja moja!

Binti: Shangazi—

Shangazi: Na akinifukuza?

Binti: Kwa mkono upi?

Shangazi: (anacheka) We mtoto! Ulikuwa unajua tangu mwanzo.

Binti: Tangu goti lilipopanda begani.

Shangazi: Bwana! Hilo likubwa lirudishe, nifungie hii ya mpini. Na miwani. Usikunje waya namna hiyo, utakatika! ... Haloo, upo?

Binti: Nipo.

Shangazi: Simu inalia tititi, vocha ndiyo inaaga. Haraka. Kashaamka saa moja?

Binti: Saa moja yuko kwenye kiti.

Shangazi: Kesho saa moja nimefika. Vifaranga nitawalisha usiku usiku. Wewe nenda kazini kwako, usichelewe kutoka ili utuchungulie dirishani.

Binti: Sitachungulia.

Shangazi: Utachungulia. Na mwambie leo jioni, asivae fulana. Avae shati la vifungo vya mbele. Fulana hiyo kuivua kichwani kutamtonesha bega.

Binti: Nitamwambia. Akiuliza nani kasema?

Shangazi: Mwambie—

Binti: Haloo? Nimwambie nani?

Shangazi: Mwambie mdogo wake kase—

(salio limekwisha)