Uso wa Kufuli

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mgongo ukutani, uso barabarani. Wenye benchi hukaa bega kwa bega, macho mbele, wakihesabu wapita njia na kubishana bila kugeuza shingo. Anayewaelekea ni mmoja tu, Shangazi muuza kahawa, mwenye kigoda chake, jiko lake la mkaa na birika lake, na barabara yote ameipa kisogo. Mwanzoni mwa ubao hukaa Mhuri, aliyegonga mihuri ofisini miaka thelathini, akastaafu na gunia la methali asizojua pa kuzipeleka. Anafuata Sentimita, fundi cherehani, halafu Waya, fundi redio. Mwisho wa ubao kuna nafasi ya mtu mmoja, na hakuna anayeikalia. Hapo ndipo alipokaa Kufuli, mchonga funguo, miaka kumi na mmoja, hadi alipofariki miezi mitatu iliyopita.

Asubuhi hiyo Kijivu alivuka barabara kutoka studio yake bila kutazama kulia wala kushoto, pikipiki ikampigia honi na yeye akaipigia kelele. Ni mpiga picha. Jina la Kijivu walimpa wao, siku alipoacha picha za rangi na kutangaza kwamba uzuri wa binadamu umo kwenye kijivu. Mkononi alishika picha mbili kubwa, na alizibwaga mapajani mwa Mhuri kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.

— Tazameni! Tazameni mashine inavyonifanya mimi mtu mzima mjinga!

Picha zote mbili zilikuwa za Kufuli, ameinua kichwa kutoka kwenye ufunguo anaouchonga. Katika ya kwanza, uso, koti na ukuta wa nyuma vilikuwa vimeungana kuwa giza moja, yakabaki meno na mng'ao wa tupa. Katika ya pili alikuwa mweupe kama jivu.

— Huyu ametoka tanurini, — alisema Waya. — Na huyu mwenzake ameangukia pipa la unga.

Walicheka. Kijivu hakucheka. Binti wa Kufuli alikuwa anasafiri mchana ule ule. Alichukuliwa na mama yake akiwa na miaka minne, akakulia mbali, na alipokuja kumaliza mambo ya marehemu alikuta chumba kina makopo ya funguo na hakina hata picha moja. Kijivu, kwa mdomo wake, mbele za watu, alimwambia: "Mwanangu, baba yako nitakupa mimi." Sasa karatasi yake nzuri ya kuchapia picha, nene, isiyong'aa, ilikuwa imebaki moja tu.

— Kwani kwenye kompyuta anaonekanaje? — aliuliza Sentimita.

— Safi! Mzima! Ndicho kinachonichoma roho! Kwenye skrini unaona hadi mikunjo ya paji la uso. Nikichapa, giza. Basi nikasema sitabahatisha tena, natengeneza profaili.

— Profa nini?

— Profaili. Ni faili dogo tu la vipimo. Unachapa ukanda wa visanduku ishirini na kimoja, kuanzia cheupe hadi cheusi. Unaacha wino ukauke siku nzima, unasoma kila kisanduku kwa kidude cha kupimia. Kompyuta inaelewa: kwenye karatasi hii, kwa wino huu, weusi unakomea hapa. Halafu kabla hujachapa, skrini inakuonyesha picha itakavyotoka. Unaona ubaya mapema, unarekebisha.

— Na ulifanya hivyo?

— Wiki nzima! Kidude chenyewe nimeazima kwa kupiga magoti. Skrini ikanionyesha kweli giza litakavyokuja. Nikamfungua uso taratibu, nikimwongezea mwanga, akaonekana. Nikachapa. Ndiyo huyo wa unga!

Mhuri alikohoa, na kikohozi chake siku zote kina methali nyuma yake.

— Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Inahusika wapi hiyo, mzee?

— Wino, bwana. Umemwaga haba mno.

— Acheni wino, — alidakia Waya. — Ni umeme. Weusi unahitaji nguvu. Umeme ukiwa mdogo, printa inarusha wino kwa uvivu, unaangukia njiani.

— Unaangukia njiani wapi, Waya? Kutoka kwenye kichwa cha printa hadi kwenye karatasi hapapiti hata ukucha!

— Ndiyo uone uvivu wenyewe!

Shangazi alikuwa ameinama juu ya mapaja ya Mhuri, birika mkononi, anazitazama zile picha.

— Mimi naona hapa kwenye shavu...

— Shangazi, tuongezee kahawa, — alisema Mhuri. — Haya ni mambo ya kompyuta.

Shangazi aliongeza kahawa.

— Mimi nitawaambia ukweli, — Mhuri aliendelea, na sauti ikapanda. — Hizi mashine hazitujui! Waliozitengeneza walizijaribu kwa sura zao. Ikikutana na mtu mweusi inaona ama usiku ama kosa. Inamfuta au inamwosha. Huu ni uonevu!

Hapo benchi zima liliwaka. Hata Kijivu, aliyejua kwamba visanduku vyake ishirini na kimoja havina sura ya mtu yeyote, alijikuta anapiga ukuta kwa kiganja na kusema uonevu, uonevu mtupu. Ilimpa nafuu. Mtu aliyeharibu kazi hupenda sana kusikia kwamba ameonewa.

— Tena nasikia, — alisema Waya, kwa sauti ya mtu ambaye hajasikia popote, — wanaziwekea saa ndani. Picha ya tatu lazima iharibike, ili ununue karatasi nyingine.

— Hii ni ya pili.

— Basi imewahi! Au ni Kufuli mwenyewe. Tusifichane. Alikuwa hapendi picha. Siku ile ulimpiga picha kwa kumvizia, sasa anakataa kutoka.

— Marehemu aingie kwenye printa?

— Mtu alifungua milango ya mji mzima, ashindwe na kimlango cha printa?

— Aliyejaaliwa kajaaliwa, — alisema Mhuri, na safari hii hakuna aliyemuuliza inahusika wapi.

Sentimita alikuwa anafikicha ncha ya utepe wa kupimia unaoning'inia shingoni mwake.

— Kijivu. Ulipomfungua uso kwenye skrini, ulikuwa unatazama kupitia hiyo profaili?

— Ndiyo.

— Na ulipochapa, uliiambia printa itumie profaili ile ile?

— Ndiyo. Si ndiyo kipimo chenyewe?

— Ulipunguza giza mara mbili, kaka. Mteja kaniletea suruali pana. Mimi nimepima, nimeikata. Nikiipeleka kwa fundi mwingine na kipimo kile kile, naye akakata, mteja atavaa nini? Hicho kipimo chako ni cha kutazamia. Kukata umeshakata mwenyewe kwa mkono.

Kijivu alihisi masikio yanapata moto. Lilikuwa jambo la wazi kama mchana, na lilikuwa limesemwa na mtu asiyejua hata kuwasha kompyuta. Profaili ile ni ya macho tu. Yeye aliwasha giza la karatasi ili alione, akamsogeza Kufuli kwenye mwanga, halafu kwenye dirisha la kuchapia akachagua faili lile lile kwa mara ya pili, na printa, masikini, ikatii.

— Nani kakufundisha? — alifoka, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kufanya.

— Suruali.

Hapo ndipo binti alipofika, begi begani, ameshavaa viatu vya safari.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu. Karibu. Picha yako iko tayari, imebaki kuchapwa tu, — alisema Kijivu, tayari anainuka. — Nusu saa. Tatizo tumelipata.

Lakini binti alikuwa ameshaziona zile mbili. Alizichukua mapajani mwa Mhuri, moja kila mkono, akazitazama kwa zamu.

— Ipi ndiyo yeye?

— Hakuna. Hizo zimeharibika. Yeye yuko kwenye kompyuta.

— Huyo wa kwenye kompyuta ndivyo alivyokuwa hasa?

— Hasa! — alisema Kijivu.

— Alikuwa mweusi kunishinda mimi, au tulilingana?

Kijivu alifungua mdomo. Aliutafuta uso wa Kufuli kichwani, na kilichomjia kilikuwa skrini. Wiki nzima alikuwa amelinganisha karatasi na skrini, skrini na karatasi. Kivuli cha shavu alikipandisha yeye, weupe wa jicho aliushusha yeye, jana kidogo, juzi kidogo, hadi pakapendeza. Kama palifanana na Kufuli mwenyewe, hakujua. Aliona aibu, aibu ya kweli. Akageukia benchi.

— Sentimita?

— Bega inchi kumi na nane, — alisema Sentimita polepole. — Mkono wa kushoto ulizidi wa kulia nusu inchi. Rangi... alikuwa wa kawaida.

— Alikuwa na kikohozi kikavu, — alisema Mhuri. — Hata nikifumba macho nakisikia.

— Kiwiko, — alisema Waya. — Akichonga, kiwiko chake kilikuwa kinanichoma hapa. Hapa mbavuni.

Binti aliwatazama mmoja mmoja, na macho yake yakaanza kubadilika.

— Miaka kumi na mmoja! Barua zake zote alimwandikia mama: nina watu wangu, kila siku tuko pamoja, msiwe na wasiwasi. Mimi nilikuwa nalia usiku kwamba baba yuko peke yake, naambiwa nyamaza, ana watu wake wa kijiweni. Na hakuna hata mmoja, hata mmoja, aliyewahi kumtazama?

Mhuri alitafuta methali gunia zima, akatoka mikono mitupu.

Shangazi aliweka birika chini.

— Alikuwa mweusi kukushinda, mwanangu, — alisema. — Wewe naona umechukua kidogo rangi ya mama. Weusi wake ulikuwa na wekundu kwa ndani, akitoka jasho ndiyo unauona. Na chini ya jicho la kulia palikuwa peusi zaidi, kwa sababu alifinya jicho hilo akichonga. Hapa shavuni alikuwa na kovu dogo, limelala hivi. Nilitaka kusema tangu mwanzo. Kwenye hii nyeusi limezama, kwenye hii nyeupe mmelifuta.

— Wewe umeyajuaje yote hayo? — aliuliza Waya.

— Nyinyi mlikuwa mnatazama barabara.

Kijivu hakutaka kusikia zaidi, alitaka karatasi ile moja iwe mezani na Shangazi awe mbele ya skrini. Alimwambia hivyo, bila madaha. Profaili itamwonyesha karatasi itakavyosema, naye atamwambia Kijivu kama inasema kweli: peusi zaidi, bado, bado, hapo. Na safari hii kipimo kitabaki cha kutazamia tu.

— Twende, — alisema Shangazi. Alimimina kahawa iliyobaki juu ya mkaa, moto ukalia na kuzima.

— Shangazi! Na sisi? — alilalamika Mhuri. — Kikombe changu kimefika nusu!

— Kinywe hicho hicho cha nusu.

Walivuka barabara watatu, Shangazi katikati, amemshika binti mkono, na safari hii Kijivu alitazama kulia na kushoto. Mlangoni pa studio aligeuka kuwafunga mdomo kama wangekuwa wanacheka. Hawakuwa wanacheka. Jiko lilikuwa limezimika mbele yao, kigoda kitupu, na wale wazee watatu walikuwa wameipa barabara mashavu, wameinamishiana vichwa, wanachunguzana kama watu wanaotafuta kibanzi ndani ya jicho. Sauti ya Mhuri ilimfikia ng'ambo.

— Sentimita, hicho kidoti cha kidevuni kimekuanza lini?

— Nimezaliwa nacho, mzee.