Mama Rudia, Aliyeagiza Isemwe Kwamba Aliogopa

Ndugu, jamaa, majirani na kina mama wa kanisani, marehemu aliacha agizo moja tu kuhusu maneno haya yanayosomwa mbele yenu. Aliagiza iandikwe kwamba aliogopa.

Familia ilisumbuka na agizo hilo. Tulikaa sebuleni kwake, viti vikiwa vimeshatolewa nje kwa ajili ya wageni, na kaka yake mkubwa akasema, "Watu wakisikia hivyo wataondoka na nini? Watasema dada yangu alikufa bila imani." Binti wa marehemu akamjibu, "Mjomba, mama aliniambia niandike. Na mnamjua, akanifanya nirudie." Kaka mtu akainamisha kichwa. Kisha akasema, "Basi liandikwe. Lakini liandikwe lote, watu wajue aliogopa akiwa ameshika nini." Hivyo ndivyo tutakavyofanya.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa baba fundi bomba na mama mfumaji wa sweta, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya tangi la maji la mtaa. Alizaliwa kabla ya miezi kutimia, na mama yake alizoea kusimulia kwamba mtoto huyo alishtuka hata pazia likiinuliwa na upepo. Kilichomtisha kuliko vyote ni mabomba ya nyumba ile, ambayo yaliguna ukutani kila jioni majirani walipofungulia maji. Siku moja baba yake alimbeba, akamwekea sikio ukutani. "Unasikia? Ni maji tu, mwanangu." Mtoto akasikiliza, akafikiri, akauliza, "Baba, umeangalia ndani?" Baba alicheka mpaka akakaa chini, kisha akachukua spana akalifungua bomba mbele yake. Maji yakafurika sakafuni, mama akagomba, na mtoto akalala usingizi mzito.

Swali hilo alilibeba maisha yake yote.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964 na kumaliza sekondari mwaka 1975. Walimu walimsifu kwa kusoma na kumlaumu kwa kutonyoosha mkono, maana hakujibu swali mpaka awe na hakika, na alipopata hakika somo lilikuwa limeshapita. Mwaka 1976 alijiunga na chuo cha afya kusomea utoaji dawa. Nusura aache. Katika mafunzo aliwahi kushika chupa ya dawa isiyo sahihi, akagundua kabla haijatoka mkononi, na jioni hiyo akafungasha begi. Mkufunzi wake, mama mmoja mkali, alimkuta mlangoni. "Unakwenda wapi?" "Nyumbani, mwalimu. Mimi mwoga." Yule mama akamnyang'anya begi. "Mwoga ndiye ninayemtaka dirishani. Hiyo hofu usiitupe. Ipe kazi ya kufanya."

Akaipa kazi. Kuanzia mwaka 1979 hadi alipostaafu mwaka 2017 alihudumu kwenye dirisha la dawa la hospitali moja, dirisha dogo lenye nondo na ubao uliolika kwa viwiko vya wagonjwa. Hakumpa mtu dawa bila kusoma lebo, kugeuza chupa, na kuisoma tena. Kisha alisema, "Hebu rudia nilichokuambia." Mgonjwa asiporudia sawasawa hakuondoka. Mzee mmoja alimwambia mbele ya foleni nzima, "Binti, hata mke wangu hanihoji hivi." Naye akamjibu, "Mkeo hajakupa vidonge vya moyo, baba. Hebu rudia." Kutoka hapo jina la Mama Rudia likamshika. Wapo walioshuhudia siku alipotoka mbio hadi kituo cha basi akiwa na kiatu mguu mmoja, akimfuata mama aliyekuwa ameshapanda, kwa kuwa hakukumbuka kama alimwambia ni baada ya chakula. Alikuwa amemwambia. Abiria walimpigia makofi, naye alirudi akilia kwa aibu na nafuu.

Mume wake alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, mtu asiyejua woga hata kidogo. Alikuja dirishani na cheti cha dawa ya kikohozi, ingawa hakuna aliyewahi kumsikia akikohoa. Akaambiwa arudie. "Vidonge viwili asubuhi, viwili jioni, na wewe Jumamosi mchana." Wenzake wanasema marehemu alifunga dirisha, akajificha nyuma ya rafu. Kisha akafungua kidogo. "Rudia hiyo ya mwisho." Walifunga ndoa tarehe 5 Novemba 1983, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume. Mumewe alifariki mwaka 2009, ghafla, akiwa anaosha gari.

Ni katika ujane huo ambapo vitabu viliingia nyumbani. Kina mama walimletea kwa upendo vitabu vya kutia moyo vilivyoandikwa kwa ajili ya wanawake Wakristo, vyenye majalada ya maua na waandishi wanaotabasamu. Vingine vilimfariji kweli. Vingine vilimtia hofu asiyoielewa, akamwambia mchungaji. Mchungaji akamwomba awe anasoma kila kitabu kabla hakijawekwa kwenye meza ya vitabu iliyo nyuma ya kanisa. Marehemu alikataa. "Mchungaji, mimi sikusoma teolojia." "Sijakuomba teolojia. Soma kama unavyosoma lebo."

Alisoma kila kitabu mara mbili. Mara ya kwanza alikisoma kama mama aliyechoka anayetaka neno la kumsimamisha. Mara ya pili aliketi mezani jikoni, Biblia kushoto, kitabu kulia, na kila mstari uliotajwa aliufuata kwao, akasoma sura nzima unakoishi. Kisha alieleza kina mama alichokiona, akianza na kilicho chema. Kitabu kilichoahidi kwamba mke anayeomba vizuri hatapata mume mbaya alikirudisha kwa swali moja: "Na Abigaili aliyeolewa na mpumbavu je? Aliomba vibaya?" Kile kilichogeuza mwanamke wa Mithali thelathini na moja kuwa ratiba ya kuamka alfajiri kilimchekesha. "Someni vizuri, jamani. Huyu mama ana wajakazi, wameandikwa. Sisi tuna sinki." Na kuna kitabu alichokilaumu, akakisoma upya, akarudi mbele kusema alikuwa na haraka na kitabu ni kizuri. Kila mara aliogopa. Aliogopa kupitisha sumu, na aliogopa vilevile kumnyima mtu dawa yake.

Mwaka 2016 kilikuja kitabu kilichoitwa *Mwanamke Asiyetetemeka*. Wengi wenu mlikuwa nacho mkobani. Kilifundisha kwamba hofu ni mlango ambao ugonjwa na msiba huingilia, na kwamba mwanamke wa imani hatamki udhaifu wake, asije akauita. Kilimtaja Ayubu: si alikiri mwenyewe kwamba aliloliogopa ndilo lililompata? Marehemu alirudi hadi sura ya kwanza ya Ayubu. Akakuta Mungu anamsifu mtu huyo kuwa mkamilifu, na chanzo cha msiba kimeelezwa wazi, wala hofu haimo. Akaenda hadi sura ya mwisho. Akakuta waliokaripiwa ni marafiki, wale waliomwambia mgonjwa kwamba amejiletea.

Alisimama mbele ya kina mama akiwa ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. Alikisifu kwanza, akasema sura yake ya maombi ilimtoa machozi. Kisha akaeleza habari ya Ayubu. Mwenyekiti wa kina mama, aliyekipenda sana kitabu kile, akasimama. "Dada, Biblia nzima inasema usiogope. Sasa wewe unatuambia tuogope?"

"Siwaambii muogope, mwenyekiti. Lakini nani anamwambia mtu usiogope kama haogopi? Mtoto akilia gizani, mama yake anasema usiogope huku anakuja. Hasemi usiogope, la sivyo siji."

Sauti ikatoka nyuma: "Mungu wangu, na mimi nimeshakipigia mistari chote!" Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Kitabu kiliondolewa mezani, kikaendelea kusomwa majumbani, na wawili hao wakawa wanasalimiana kwa kichwa tu.

Muda mfupi baadaye fundi cherehani, yule aliyeshona sare zote za kwaya, alimfuata marehemu jikoni kwake. Alisimama mlangoni bila kuingia. "Dada, nina kitu kifuani. Nimekaa nacho tangu kabla ya mvua. Kitabu kilisema nisikitaje." Sahani ilimponyoka marehemu, ikavunjika. Alishikwa na hofu hata akashindwa kuona viatu vyake vilivyokuwa miguuni. Walikwenda hospitali pamoja, wakaketi kwenye benchi la ukumbini wakiwa wameshikana, wote wawili wakitetemeka, mpaka muuguzi akauliza, "Samahani, mgonjwa ni yupi?" Fundi alitibiwa, na yuko nasi hapa leo. Ndiye aliyeshona nguo aliyovikwa marehemu. Ameruhusu haya yasemwe.

Oktoba 2022 marehemu alianza kuumwa tumbo, na Novemba uvimbe ukaonekana kwenye ini. Daktari alipomaliza kueleza, alimwuliza kama ana swali. Akasema, "Sina swali. Naogopa." Alilisema kwa sauti ile ile ya kutaja saa, na hakuacha kulisema. Hakutaka mlango wa chumba ufungwe. Kijiko kikianguka jikoni alishika shuka kwa mikono miwili. Alituuliza kama itauma, kama atatutambua mwishoni, na siku moja, akitazama dirisha, aliuliza kama Yule aliyemwamini yuko kweli ng'ambo ile anayokwenda. Sisi tulioketi kando ya kitanda tuliogopa kuliko yeye, na hatukuwa na ujasiri wa kusema.

Mwezi wa tano mwaka 2023 mwenyekiti alikuja kumtazama. Alikuwa na kile kitabu mkononi, kimechakaa kwa kusomwa. Binti wa marehemu alikuwepo, na haya ndiyo yaliyosemwa.

"Shoga yangu, nasikia unasema unaogopa. Usiseme hivyo. Utaufungulia mlango."

"Mwenyekiti, mlango ulishafunguka zamani. Ugonjwa umelala hapa kitandani na miguu umenyoosha. Kaa upande ule usiukalie."

Mwenyekiti akataka kucheka, ikashindikana. Akakaa. Marehemu akanyoosha mkono. "Sitaki tugombane juu ya kitabu. Nipe mkono wako tu. Mbona na wako wa baridi hivi?"

Hapo mwenyekiti akalia. Alisema kwamba tangu afiwe na mume wake anaogopa kila jioni ikiingia, anaogopa nyumba yake mwenyewe, na hajamwambia mtu, hajamwambia hata Mungu, kwa kuwa kitabu kilimwambia akisema ataita jingine.

"Umwambie leo," marehemu akasema. "Hata Bwana mwenyewe bustanini alisema roho yake ina huzuni kiasi cha kufa. Akawaomba wenzake wakeshe naye. Yeye aliomba, wewe unajificha nini?"

Waliomba pamoja, wakiwa wameshikana. Maombi yenyewe yalikuwa mafupi: tunaogopa, njoo. Kuanzia hapo mwenyekiti alikuja kila siku, na kitabu hakuja nacho tena. Naye pia ameruhusu haya yasomwe. Marehemu alipomwita binti yake na kumpa agizo lile, alimpa na sababu: "Kuna mama atakuja kwenye mazishi yangu akiwa amenyamaza kama fundi alivyonyamaza. Nataka asikie."

Alifariki Jumanne tarehe 6 Juni 2023, mchana, nyumbani kwake, mlango ukiwa wazi. Asubuhi hiyo alisema tena kwamba anaogopa, akaomba asomewe ile zaburi ambayo Daudi hajidai kuwa haogopi, bali anasema siku atakapoogopa atamtumaini Mungu. Binti akasoma. "Hebu rudia," mama yake akasema. Akarudia. "Hebu rudia." Akarudia. Mara ya mwisho hakuomba, na binti alirudia hata hivyo.

Hatuwezi kuwaambia kwamba hofu ilimtoka. Hatukuiona ikitoka. Tulichokiona ni kwamba alimshika binti yake kwa mkono mmoja na mwenyekiti kwa mkono mwingine, akawashika kwa nguvu, na midomo yake ilikuwa ikifuata maneno.

Ameacha binti mmoja ambaye ni mwalimu, mtoto mmoja wa kiume ambaye ni fundi umeme, mkwe wa kike, wajukuu wanne, kaka mkubwa na mdogo wake wa kike. Ameacha pia kina mama wa meza ya vitabu, ambao wameahidi kuendelea kuvifuata vitabu mpaka ndani, na wagonjwa wengi ambao mpaka leo wakishika chupa ya dawa huigeuza na kuisoma mara ya pili.

Mama aliye hapa na jambo asilolitaja, marehemu anakusubiri useme. Akina dada hawa watakwenda nawe.

Pumzika, Mama Rudia. Aliyekuwa akikuambia usiogope huku anakuja, ameshafika.