Mzee Tangazo Hataki Gari

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuitumikia hifadhi yetu, Mzee Tangazo wa Idara ya Ujirani Mwema anakabidhi kipaza sauti na kustaafu. Mimi dereva wake nimeombwa niandike wasifu na kuusoma kwenye hafla hii, tena uwe wa kuchangamsha. Nitajaribu.

Alianza kwa kufagia ofisi. Siku moja mkuu wa wakati huo alimsikia akimwita mwenzake kutoka upande wa pili wa uwanja wa magari, akaona sauti ile isipotelee kwenye vumbi la ufagio. Tangu hapo kiti chake ni cha mbele, spika mbili juu ya paa la gari. Hata mkewe humwita Tangazo, na hulalamika kwamba mzee hawezi kuomba chumvi mezani bila kuanza na "moja, mbili, moja, mbili".

Vijijini walimpenda, hilo lisemwe wazi. Alitangaza chanjo, tembo waliovuka mpaka, na mbuzi wa watu waliopotea, hao bila kutumwa na mtu. Kuna siku alisahau kuzima mashine, kijiji kizima kikatusikia tukibishana kama mkuu wetu hukoroma kikaoni au hujifanya. Watu walicheka mbavu hawana. Mkuu hakucheka.

Kisha mpaka wa hifadhi ukasogezwa. Wakubwa walijua wakienda wao wenyewe hakuna atakayewasikiliza, wakamtuma Mzee akaseme: wenye mashamba upande wa mtoni wahame kwa hiari, watapewa mengine kabla ya mvua. Aliwauliza, tena na tena, kama ni kweli. Wakamwapia. Akasema, na kwa kuwa ni yeye aliyesema, watu wakafungasha. Dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, ndiye aliyekuwa wa kwanza kung'oa mihogo yake.

Mvua ile ilinyesha, na nyingine nyingi baada yake. Mashamba hayajaonekana hadi leo. Dada mtu analima kipande cha kuazima, hakitoshi hata bustani ya mchicha. Kila Mzee alipokwenda kuuliza ofisini aliambiwa suala linashughulikiwa. Waliomwambia hivyo wamepanda vyeo, na leo wamekaa meza kuu. Shikamooni.

Sasa, desturi yetu ni kumsindikiza mstaafu hadi kwao kwa gari lake la kazi, muziki juu. Wiki iliyopita mimi na Mzee tulitangulia kupeleka kitanda na masanduku yake kwa dada yake, ambako amepanga kuishi na mkewe. Tulipokata kona tu, watu wakaujua mlio wa injini. Akina mama wakaanza kuita watoto. Jirani akapanda juu ya nyumba yake na nyundo, akaanza kung'oa mabati. Dada yake akaepua sufuria, akamwagia moto maji, akaingia ndani kufunga godoro. Hakumtukana. Alitoka na kamba mkononi akamuuliza kwa upole kabisa, safari hii tuhamie wapi, mdogo wangu?

Mzee alifungua kinywa. Yule mtu anayeamsha vijiji vitatu kwa mkupuo mmoja, sauti haikutoka. Ikabidi niseme mimi, kwamba hakuna anayehamishwa, mdogo wake amerudi nyumbani. Dada alikaa juu ya godoro akalia. Kisha akasema chumba kipo, lakini gari hilo lisikanyage tena pale, na ndugu yake akija, aje kwa miguu.

Kwa hiyo, waheshimiwa, gari mlilolipamba kwa maputo litabaki hapo hapo lilipo. Hotuba zikiisha, Mzee na mkewe wataondoka kwa miguu, na anayewapenda awasindikize. Saa ya ukutani mliyomnunulia ni nzuri sana. Yeye aliwaomba mashamba ya watu.

Asante, Mzee wangu, kwa barabara zote tulizokula vumbi pamoja. Ukae kwa amani na mama, na dada pia. Na siku utakapomwita mtu kwa sauti yako yote, Mungu ajalie atoke nje aje kwako, asianze kufunga godoro.