Nafasi ya Mwalimu, Boko

STEPHANO: Haloo? Nani mwenzangu?

MWALIMU ALBANO: Mwalimu Albano hapa, wa Temeke. Habari za asubuhi, Stephano.

STEPHANO: Aa, shikamoo, mwalimu.

MWALIMU ALBANO: Marahaba. Au siku hizi nikuite mkurugenzi?

STEPHANO: Stephano tu, mwalimu. Umenifundisha toka darasa la tano, leo nikuletee ukurugenzi? Nyumbani wazima?

MWALIMU ALBANO: Wazima. Nimepiga kuulizia majibu. Ile nafasi ya mwalimu wa Kiingereza hapo shuleni kwako. Nilikuja Boko kwenye usaili, wiki ya sita sasa—

STEPHANO: Haloo? Unakatika-katika, mwalimu—

MWALIMU ALBANO: Mie nakusikia vizuri. Toka nje.

STEPHANO: [mlango] Haya, nipo nje.

MWALIMU ALBANO: Enhe. Nimepata au nimekosa?

STEPHANO: Kusema kweli, mwalimu, uliongoza. Yale maswali ya "in," "on" na "at" uliyajibu yote, na sababu ukatoa. Kamati ilibaki mdomo wazi.

MWALIMU ALBANO: Basi nimepata.

STEPHANO: Ishu ni wazazi.

MWALIMU ALBANO: Kwani walikuwepo?

STEPHANO: Hawakuwepo, ila wazazi wa huku wanataka mtoto aongee kama wale wa kwenye televisheni. Kiingereza chako kimenyooka, sibishi. Lakini kina lafudhi ya kwenu Masasi ndani yake. Usinielewe vibaya—

MWALIMU ALBANO: Nimekuelewa vizuri sana. Miaka thelathini na mbili nimefundisha na Masasi yangu hiyo hiyo. Na wewe ukafaulu.

STEPHANO: Nilifaulu kwa mbinde, mwalimu. Sasa ikabidi tumchukue Muhannad, kijana wa Kawe. Kakulia Dubai huyo. Akisema "good morning" tu, wamama wanatoa simu wanarekodi.

MWALIMU ALBANO: Na akiandika?

STEPHANO: Hapo ndo nilikuwa nataka nikupigie. Mama Huda kaniletea daftari la mwanawe. Kijana kaandika ubaoni "in Monday." Kaandika "since two years." Darasa zima wamenakili. Nikawaza, notisi zake ziwe zinapita kwako kwanza. Nakutumia wasapu, unasahihisha umekaa zako kwenye kochi. Shuleni huna haja ya kufika.

MWALIMU ALBANO: Wazazi wasinione.

STEPHANO: Sijasema hivyo, mwalimu.

MWALIMU ALBANO: Hujasema. Stephano, sikuomba kusahihisha. Niliomba kusimama mbele ya watoto. Tangu nistaafu, kila asubuhi navaa shati, nakaa, navua. Mke wangu Sesilia ananiangalia tu. Hii imeniuma.

STEPHANO: Naelewa, mwalimu, ila—

MWALIMU ALBANO: Halafu hiyo kazi unayonipa ninayo tayari.

STEPHANO: Kivipi?

MWALIMU ALBANO: Muhannad wako anakuja kwangu. Kila Jumamosi, mwezi sasa, anavuka mji mzima. Aliikuta barua yangu ya maombi ofisini kwako, akachukua namba. Tumeanza na hizo siku na miezi, tukaja "since" na "for." Wiki iliyopita tumemaliza "by" na "until." Kijana ana adabu, na anashika.

STEPHANO: We mwalimu. Mbona hamkuniambia?

MWALIMU ALBANO: Aliona aibu. Aliniambia watoto wanamwamini kuliko anavyojiamini mwenyewe. Sasa rudi ofisini. Mezani kuna bahasha ya kaki.

STEPHANO: Ngoja. [hatua, mlango] Naiona. Ya Muhannad hii? [karatasi] Mwalimu... anaacha kazi?

MWALIMU ALBANO: Kapata hoteli, mapokezi. Huko kuongea kunatosha.

STEPHANO: Umemwandikia wewe?

MWALIMU ALBANO: Kaandika mwenyewe. Mie nimemkagulia siku na tarehe tu. Soma mstari wa mwisho.

STEPHANO: "I will be at school until Friday." Ijumaa si ndo kesho?

MWALIMU ALBANO: Ndo kesho. Kaiandika sawa?

STEPHANO: Naona sawa. Si iko sawa, mwalimu?

MWALIMU ALBANO: Mkurugenzi ni wewe.

STEPHANO: Mwalimu, usinifanyie hivyo. Darasa la tano na la sita namweka nani? Wazazi watanila mzima.

MWALIMU ALBANO: Haloo? Salio langu linaishia, Stephano. Jumatatu nifike saa ngapi?

STEPHANO: Ila wazazi, mwalimu—

MWALIMU ALBANO: Nimeuliza saa ngapi.

STEPHANO: Saa moja, mwalimu. Saa moja asubuhi.

MWALIMU ALBANO: Haya. Usichelewe.

[simu imekatika]